Waliomwonyesha Babu Maji

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado masikio yangu hupata moto. Nilikuwa kijana hapa London, nina digrii moja ya historia na maringo ya digrii tatu. Ukoo wetu ulikutana Thornton Heath, sebuleni kwa shangazi Wairimu, muuguzi aliyetoka zamu hajavua hata viatu. Tulikuwa tunazungumzia shamba la babu kule Trans Nzoia, Kenya. Tulitaka kulizungushia seng'enge na kusimamisha bango: "Hapa Walifika Waanzilishi." Maneno hayo niliyatunga mimi, nikayasoma kwa sauti ya mhadhara.

Mafundi walikuwa wameshaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Ua ungeziba njia ya chemchemi, ambayo jirani zetu, akina Chelimo, waliitumia tangu zamani.

"Si watazunguka kwa barabara," alisema binamu yangu Kamau. Ni mwendo mrefu na mtungi kichwani, ila kichwa hakikuwa chake.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Wewe mwanahistoria, babu yako alipofika kule alikunywa nini?"

"Maji, shangazi."

"Nani alimwonyesha yalipo?"

Nikaanza kuikunja karatasi ya maneno ya bango.

"Mama yake Chelimo," akasema shangazi. "Alitukuta chini ya turubai, mimi mtoto nawaka homa. Akanibeba mgongoni mpaka chemchemini. Leo mnawafungia wajukuu wake?"

"Lakini hati ya shamba ni yetu," Kamau akadakia.

"Nyamaza, Kamau! Wewe ulizaliwa ukakuta mfereji wa maji jikoni."

Tulicheka, shangazi hakucheka. Akampigia simu kaka yake aliyekuwa shambani, mbele yetu sote: mashimo ya upande ule yafukiwe, njia ibaki. Bango nalo halikuchongwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu ilikuwa kinyume: mgeni ndiye aliyeponywa, kisha akajiita mwenyeji. Babu alifyeka msitu kweli, na jina lake libebe kwa fahari, mwanangu. Ila popote utakapoambiwa ninyi ndio wa kwanza, uliza kwanza nani aliwapokea, na njia yake usiizibe hata kama sheria inakuruhusu.

Mungu akupe ardhi ya kukutosha, na karibu nayo akupe jirani wa kukuambia maji yako wapi. Amina.