Jina Nyuma ya Kijiko

Nakumbuka asubuhi moja pale mtaani Yeoville, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu umeniudhi. Yule mama mteja karudisha bangili uliyoilehemu, imekatika palepale, nawe unamjibu, "Eish, Mama, ni mashine." Mashine! Ilijileta kazini yenyewe?

Hebu keti. Nilikuwa kijana, najifunza usonara kwa Mzee Hamisi wa Tanga, Mungu amrehemu. Mama mmoja Mmarekani, mkazi wa mtaa wa Observatory, alituletea kijiko cha fedha cha bibi wa bibi yake. Mpini ulikuwa umevunjika, naye alitaka kumpa bintiye siku ya arusi. Alitueleza kwamba zamani huko kwao watu walimpelekea sonara sarafu zao za fedha. Akaziyeyusha, akafua vijiko, kisha akagonga jina lake nyuma ya mpini. Hapakuwa na ofisi ya kupima ubora wa fedha. Jina ndilo lililokuwa dhamana.

Mzee alilehemu vizuri kabisa. Lakini wewe watujua, kwetu cha arusi lazima kiwake! Akakisugua kwenye mashine mpaka kikametameta, na lile jina likafutika lote.

Mimi mjuaji nikamnong'oneza, "Mwambie kilikuja hivyohivyo. Kijiko kikuukuu hiki, nani atajua?"

Alinikata jicho. "Saidi, njia ya mwongo fupi. Aliyekifua kijiko hiki kafa zamani, na jina lake lilikuwa bado linaijibia kazi yake. Mimi niko hai, nijifiche?"

Mama alipokuja, Mzee akamwambia, "Jina nimelifuta mimi." Maskini, yule mama alilia, kisha akafoka, nami nikatamani ardhi inimeze. Mwishowe akakisukuma kijiko mezani. "Basi gonga lako! Binti yangu ajue wa kumlaumu."

Mzee akagonga jina lake.

Mwanangu, nimechoka kukwambia kwamba uungwana ni vitendo. Kukosea si ajabu, hata Mzee Hamisi alikosea. Aibu ni kumtwika kosa lako asiye na mdomo wa kujitetea. Mrudie mteja wako, umwambie ni wewe, na akikutukana, vumilia. Mungu akubarikie mikono yako, akujaalie kazi ambayo mtu akiuliza kaifanya nani, utajibu kabla hajamaliza kuuliza.