Shafti Inayogonga Mteremkoni Tu

Leo nimepandishwa milima ya Kilungu kama mshtakiwa.

Mzee Mutua, mzee wa kanisa letu, ana pikipiki ya shafti. Haina cheni, gurudumu la nyuma linazungushwa na chuma. Wiki jana nilimbadilishia oili ya gia. Tangu hapo anaambia soko zima la Malili kwamba nimeiharibu.

"Fundi, inagonga huko nyuma. Ngo! Mpaka naisikia kwa kiuno."

Nikaijaribu barabarani. Kimya.

Nikainua gurudumu, nikalizungusha na mkono. Hakuna kitu kimelegea. Kazi yangu naijua, jamani.

"Inagonga nikishuka milima," akasema.

Sawa. Nikapanda nyuma yake tukaenda.

Kufika mteremko wa kwanza, mzee akatoa gia, akazima injini. Aaai! Tukateremka hivyo, yeye akisalimia watu njiani. Petroli ni ghali, naelewa. Lakini huko chini, tukiwa bado mbio, akatia gia na kuachilia klachi ghafla ndio injini iwake.

NGO!

"Umesikia?" Alifurahi kweli.

Nilisikia. Cheni ingevumilia kidogo. Shafti haina huruma.

"Mzee, turudi juu. Safari hii tushuke injini ikiwaka."

Tukashuka. Kimya mpaka chini.

Akasimama, akanigeukia, akaniuliza swali. Mafundi wenzangu, nisaidieni kulijibu:

"Kumbe unajua kazi! Umeitengeneza saa ngapi?"