Nilivyoitwa Kalenga Kumchekesha Kaka

Barua ilinikuta Mbeya, nimekaa kibarazani kwa tajiri wangu, nashona vifungo vya shati la karani mmoja mwenye kitambi. Aliyeiandika ni katekista wa kwetu Kalenga, maana mama hajui kusoma, lakini maneno yalikuwa ya mama mwenyewe: "Kaka yako haongei. Hali. Shamba haendi. Wewe si ndiye mwenye mdomo? Njoo umchekeshe."

Nisiwe mnafiki, kichwa kilivimba. Nimeishia darasa la nne. Ukoo una wazee, una wenye ng'ombe, una hata mmoja mwenye baiskeli, halafu anayeitwa ni mimi! Nikampelekea tajiri ile barua. Yeye ni mzee wa Kiislamu, baba yake alitokea pwani. Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nenda," akasema. "Lakini ukifika, mdomo upunguze."

"Mzee, si ndio ninaoitiwa huo mdomo?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Sikumwelewa. Njia nzima nilikuwa natunga vichekesho. Karibu na Rujewa basi lilizama kwenye matope, tukashuka kusukuma, na mimi nasukuma huku nacheka peke yangu. Mama mmoja akamvuta mtoto wake asinikaribie.

Kaka yangu alikuwa mgema. Kwetu mvua zikinyesha, chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, maji yake yanadondokea kwenye kipande cha mwanzi tunachokiita mbeta, na hayo ndiyo ulanzi. Ukiwa mpya ni mtamu kama maji ya muwa. Ukilala, unakulaza na wewe. Kazi hiyo haina sikukuu: asubuhi unakata kidogo, jioni unakata kidogo, ukiruka siku chipukizi linaziba. Kaka alikuwa na mkono mwepesi kama kinyozi. Watu walionja tu wakajua, huu umetoka kwake.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, anatazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

"Kamwene, kaka!"

"Kamwene," akajibu, kama mtu anayeinua gunia.

Nikaanza. Nikamwigiza yule karani wa kitambi anavyovuta pumzi nikimpima kiuno. Nikaigiza basi, matope, dereva. Watoto wa jirani walianguka chini kwa kucheka. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Kaka alinitazama kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa nimekwisha, hata mbuzi walikuwa wamezoea vichekesho vyangu.

Na si mimi tu niliyekuwa nachemsha jiwe. Baba mdogo alikuja kila asubuhi na neno lake moja: "Una mke, una watoto wazima, mahindi yamejaa. Unanuna nini wewe? Mwanaume ananyanyuka." Katekista alimwambia aongeze sala, na kaka akabaki anajiona ana dhambi juu ya mzigo wake. Marafiki zake walimletea ulanzi ulioiva, eti anywe asahau. Alikunywa, na kesho yake akaamka mzito mara mbili. Lakini kosa kubwa lilifanywa kwa mapenzi: walimnyang'anya mianzi yake. "Apumzike," walisema, na baba mdogo ndiye akawa anakwenda kugema. Kwa hiyo mtu anaamka asubuhi, dunia nzima haina haja naye.

Hayo nayasema leo kama mtu mwenye akili. Siku ile nilifanya langu, baya kuliko yote.

Watani wetu wanatucheka kwamba Mhehe akiudhika anajiua. Na sisi wenyewe tunajicheka hivyo, ni utani wa kila siku. Basi mimi, vichekesho vimeniishia, nikamwambia shemeji kwa sauti, kaka anasikia: "Unajua wanavyosema, Mhehe akinuna siku tatu, anzeni kuchimba!"

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliweka mwiko chini. Kaka akasema polepole, "Labda wanasema kweli."

Ndipo nikaelewa kwa nini shemeji alikuwa hamwachi kaka peke yake, hata kisimani anakwenda naye, na kwa nini wote walikuwa wanazungukazunguka jambo. Kwetu waliamini ukilitamka unaliita. Wameogopa neno, wakamwacha peke yake nalo.

Nikakaa chini, mavumbini, karibu na miguu yake.

"Kaka. Unafikiria kufa?"

"Ndiyo. Mara nyingine. Nimechoka tu, mdogo wangu. Sijui hata nimechoka na nini."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliufunga mdomo, nikasikiliza. Akaongea. Kidogo, akanyamaza, kidogo tena. Shemeji akaja akakaa upande wa pili, analia bila sauti. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikatufunika.

Kisha nilikwenda kwa mama na baba mdogo nikawaambia wazi wazi. Baba mdogo alifoka, "Jambo hilo halisemwi!" Nikamjibu, "Baba, limeshasemwa, na bado yuko hai. Sasa tukae naye." Tukapanga zamu ya kuwa naye, bila mahubiri, bila "nyanyuka." Na mianzi nikaomba nigeme mimi.

Asubuhi nikamwambia, "Kaka, sijui kukata. Njoo ukae tu, unitazame."

Hakuja. Siku ya pili hakuja. Ya tatu alikuja, amejifunika blanketi, akakaa kwenye jiwe. Nilikata kwa bidii zote za fundi cherehani wa Mbeya.

"Hebu lete kisu," akasema. "Hujakata, umechinja."

Akakata moja. Moja tu, akarudi kulala. Jioni akakata mbili.

Sisemi alipona kama taa inavyowashwa. Kulikuwa na siku alisema tu, "Leo nimeamka mzito," na sisi tukajua, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Lakini alikuwa anasema. Nami nilikuwa nalala kwao, nakula kwao, nimetuma salamu kwa tajiri kwamba mdomo nimeupunguza.

Wiki ya sita alinisindikiza na baba mdogo mpaka barabarani, amebeba mbeta ya ulanzi mpya, aliougema mwenyewe, nimpelekee tajiri wangu. Nikamkumbusha kwamba mzee wangu hanywi pombe.

"Huu bado ni maji matamu," akasema. "Mwambie anywe upesi."

Tulipoona basi linakuja, alimgeukia baba mdogo. "Mlimwita huyu anichekeshe. Wiki sita amemaliza ugali wetu, na hajanichekesha hata siku moja."

Na akacheka mwenyewe. Nilipanda basi kifua mbele, nikapigiwa kelele nimeziba mlango.