Matanga Kwenye Nyumba ya Kuuza

Sitaandika majina. Lakini wenye makosa nitawataja kwa kazi zao, na wakisoma watajijua: patron wangu wa kwanza, mtoto mkubwa wa mama mwenye nyumba, na shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, aliyejifanya kipofu. Ni hao. Mtu asije kusema kesho kwamba mimi ndiye niliyeharibu.

Kazi hii ya nyumba za kuuza niliingia nikiwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao wenzangu walikuwa tayari wanapokea wakwe. Shule niliacha darasa la nne. Nyumba yetu ilianguka wakati majeshi mawili ya wageni yalipokuja kupigania mji ambao si wa mama yao wala wa baba yao, na mume wangu alikuwa ndani. Tangu siku hiyo nililala kwa watu. Mwisho nilikuwa Mangobo kwa wifi yangu, dada ya marehemu, sebuleni, juu ya mkeka. Wifi hakunifukuza hata mara moja. Alikuwa tu anaamka mapema na kufagia karibu na kichwa changu.

Donc niliposikia kwamba komisionere mmoja wa Makiso, mtu wa kupangisha na kuuza nyumba za watu, anatafuta msaidizi mwanamke, nilienda. Ofisi yake ilikuwa meza na viti vya plastiki nyuma ya duka la dawa. Alivaa koti hata kwenye joto letu lile. Diploma hakuniuliza.

"Mama, unajua kupika?"

"Nani hajui?"

"Na kulala peke yako, hauogope?"

"Papa, vile vyote nimeona mu huu mji, niogope nini tena?"

Akacheka. Nikadhani nitakuwa nazunguka na wateja kuwaonyesha nyumba. Kumbe kazi ya msaidizi mpya ni kuishi ndani ya nyumba isiyo na mtu. Kwetu nyumba tupu haikai tupu. Leo askari anaingiza kitanda chake, kesho binamu ya mwenyewe anakuja na masufuria, na kumtoa ni kuzeeka kwenye kesi za tribinali. Kwa hiyo komisionere anaweka mtu wake: washa makala ya kupikia, fagia uwanja, anika nguo, acha radio iimbe. Mteja akija, funika sufuria, fungua madirisha, sema karibuni. Akinunua, unabeba sufuria yako kwenda nyumba nyingine. Nyumba niliyoikuta inanuka popo nikaitia joto, mwingine akahamia. Ndiyo ilikuwa karia yangu ya kazi.

Halafu ikaja ile ya komini ya Tshopo. Nyumba ya matofali, na nyuma annexe ndogo: chumba kimoja chenye mlango wake, kufuli yake, na dirisha la kuangalia mpapai. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee, mjane. Mtoto wake mkubwa alimchukua akamvusha mto hadi kwake Lubunga, eti amtibu miguu. Mama alipovuka tu, yule mtoto akaja kwa patron wangu, yule komisionere, kuuza.

Binti wa mama alipopata habari, alikuja na rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa mbele, kuanzia upande mmoja wa lango hadi upande mwingine: HII PARSELE HAIUZWE. MAMA IKO HAI. Maneno ya namna hiyo, kwamba kiwanja hakiuzwi, yako kwenye kuta nyingi za mji wetu, na mteja mwenye akili akiyasoma hata haulizi bei.

Patron alimleta shefu wa kartie, maana bila sahihi yake nyumba haiuzwi. Shefu alikunywa bia yake pale pale, ukuta uko mbele yake, akasema, "Mimi sikuona maandishi." Akafuta mdomo akaenda.

Kisha patron akaniita pembeni.

"Mama, hii nyumba ikiuzwa, annexe nakuachia. Nitaiweka mu makubaliano na munuaji. Utakuwa mulinzi wake, utakaa pale mpaka uchoke."

Nilikwenda nyuma nikafungua ule mlango, nikafunga, nikafungua tena. Tangu nyumba yetu ianguke sijawahi kuwa na mlango wa kumfungia mtu. Kwa ajili ya mlango ule nilianika vitenge vyangu juu ya yale maneno ya ukuta wa mbele kila mteja alipokuja. Sioni aibu. Aliyeniahidi ndiye wa kuona aibu.

Lakini upepo haukai kazini kwa mtu. Mteja mmoja akiwa langoni kitenge kilipeperuka, akasoma, akageuka. Patron alikasirika. Siku ya kuwaleta mfanyabiashara wa Maniema na mke wake, watu wenye pesa mkononi, alitangulia kufika na dereva wa pikipiki na mzigo wa matawi mabichi ya mchikichi. Wakayasimamisha kwenye ukuta, kushoto na kulia kwa lango, maneno yote yakafunikwa.

Nilimwambia, "Patron, matawi ya mchikichi kwenye lango? Watu watasema nini?"

"Watasema ni bustani."

"Watasema ni matanga."

"Mama, wewe acha mambo ya kijiji. Ni saa moja tu, alafu tunatoa. Wewe weka pondu kwenye moto, nyumba inuke vizuri."

Akaenda kuwachukua wateja wake. Huyo ni mtu aliyezaliwa hapa hapa na kulia misiba hapa hapa. Anajua kama mimi kwamba matawi yakisimama langoni, nyumba ina maiti. Lakini tamaa ilimfanya mgeni kwao.

Jirani wa mbele, mama anayeuza lituma, ndizi za kutwanga, ndiye aliyeona wa kwanza. Aliacha mchi ndani ya kinu cha ndizi, akafungua kilemba, akatoa kilio ambacho nadhani kilifika mtoni. "Yooo! Mama yetu! Wamemuua huko ng'ambo!" Kabla majani yangu ya pondu hayajachemka uwanja ulijaa. Wanawake wakakaa chini, wanaume wakaleta viti na turubai.

Nikasimama katikati. "Jamani, hakuna mutu amekufa!"

"Mushikeni," akasema mmoja. "Uchungu umemupanda ku kichwa."

"Nawaambia mama iko hai!"

"Ndiyo, mama. Kwa Mungu iko hai. Kaa chini, kunywa maji."

Patron alifika na wateja wakati wimbo wa pili umeanza. Mke wa mfanyabiashara alijifunika kichwa na kukaa na waliaji, kama mtu mwenye adabu. Mume wake akamwangalia patron.

"Unaniuzia nyumba na maiti ndani?"

"Hapana, tonton, hii iko matanga ya jirani..."

"Jirani analiliwa mu uwanja wako?"

Hapo binti akaingia mbio, miguu mitupu, akajitupa kwenye vumbi. Alipomwona patron aliinuka akamshika koti. "Mama yangu mumemuweka wapi? Sema!" Akampigia kaka yake; simu iliita bila kupokelewa.

Halafu kengele ya baiskeli ikalia barabarani. Ni toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na nyuma yake amekaa mama mwenyewe, miguu imevimba, kitambaa cheupe kichwani. Majirani wa Lubunga, waliopigiwa simu, walimwambia kwamba kwake kuna msiba, akavuka kwa mtumbwi bila kumwuliza mtoto wake. Mama wa lituma alimwona wa kwanza, akakimbilia chooni.

Mama akashuka polepole.

"Nani amekufa kwangu?"

Waimbaji wakakata wimbo.

"Nauliza, nani?"

Mzee mmoja akavua kofia. "Ni wewe, mama."

Aliangalia viti, turubai, watu. "Bon. Na mumenipikia nini?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko na machozi. Binti akang'oa matawi, maneno mekundu yakatokea, na mfanyabiashara akayasoma taratibu kwa sauti. Akamshika mke wake mkono wakaondoka. Patron akapanda pikipiki, na akiwa tayari juu akaninyooshea kidole: "Ni huyu mama wa kazi aliweka matawi! Mimi sikumutuma!" Shefu wa kartie, ambaye alikuja kwa ajili ya chakula, akatikisa kichwa: "Ndiyo, ni yeye." Siku hiyo macho yake yalikuwa yanaona.

Watu walipotulia nilimwendea mama. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba annexe. Nimefagia uwanja wako, nikasema, hakuna askari aliyeingia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa unalinda nyumba yangu. Ulikuwa unailinda isichukuliwe na nani?"

Nikatoa ufunguo wa annexe, nikamwekea mkononi.

"Binti yangu atalala mu annexe. Wewe rudi kwa waliokutuma."

Sikumlaumu siku ile, na leo pia simlaumu. Nilichukua sufuria, pondu nikawaachia. Barabarani kijana wa toleka aliyemleta mama alikuwa bado anasubiri mteja.

"Mama, tunaenda wapi?"

Nilimwambia anisogeze tu mbele kidogo, nitafikiri njiani.