Mikono ya Kocha

Vita ilipokuwa bado upande wa Uvira, sisi vijana wa Baraka tulinyanyua ekseli ya lori kujenga misuli nyuma ya nyumba ya kocha. "Angalieni hii mikono," alijisifu. "Ni fufu na samaki tu!" Kocha alimpa mdogo wangu vidonge, akaviita vitamini. Mashavu ya mdogo wangu yakajaa. Bamama wa sokoni wakamtania: "Mutoto we, unanona na vita iko mulangoni?"

Risasi zilipofika tulikimbilia milimani, Fizi, pamoja na kocha. Vidonge vya mdogo wangu vilibaki nyumbani. Akaanza kutapika, akashindwa hata kukaa. Muganga wa zahanati akauliza: "Alikuwa anakunywa dawa gani?"

Kocha akaniwahi: "Hapana dawa, muganga. Iko malaria tu."

Akatibiwa malaria, akafa.

Baada ya maziko mke wa kocha akaniambia: "Vile vidonge ni dawa ya kunenepesha, bwana yangu naye anaikunywa. Ukiikata mara moja inaua. Aliogopa batu bajue mikono yake ni ya dawa."

Wenye bunduki walituua wengi, nawalaani. Lakini mdogo wangu aliuawa na kocha. Bado anafundisha vijana Baraka, na bado anawaambia ni fufu na samaki.