Nilimpeleka Mdogo Wangu Mikononi mwa Askari

Mwenzangu unayesoma, usinihurumie mapema. Kosa ni langu. Nililifanya mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa Shelui, wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa na malori yanasimama mpaka hujui upite wapi. Nilikuwa na kibanda cha mitumba kando ya barabara. Wazazi walishafariki, nikawa naishi na mdogo wangu, Msengi. Alikuwa mgonjwa wa akili. Kuna siku anatulia, anachota maji, anafagia uwanja. Kuna siku anasikia sauti, anapiga kelele na kurusha chochote alichoshika.

Jirani yetu Mama Zena, aliyekuwa akiwapikia madereva, alimweza. Msengi akianza tu, anaacha sufuria mekoni, anamfuata taratibu. "Msengi baba, njoo unisaidie karanga." Wanakaa chini, wanamenya, wanawake wengine wanawafukuza wanaomcheka. Baadaye utamkuta katulia kama si yeye. Hawakuwahi kumwitia polisi hata mara moja!

Mimi niliona aibu tu.

Siku ya mnada akavuta nguo zangu zote akazitupa barabarani, wateja wakatawanyika. Mama Zena akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Niachie mimi, mwanangu. Itampita."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mmemdekeza nyie! Leo atafundishwa adabu."

Nikaenda kituoni kwa miguu yangu mwenyewe. Nikasema kuna mtu hatari anafanya fujo. Sikusema ni mdogo wangu. Sikusema anaumwa.

Tuliporudi na askari tulimkuta ameshakaa kwa Mama Zena, anamenya karanga. Ameshatulia! Ningesema neno moja tu wangeondoka. Sikulisema. Walipomshika aliogopa, akarusha mikono, wakamshushia virungu. Akawa anaita, "Dada! Dada!" Jamani, nilisimama pale kama gogo.

Walipomwachia, mkono ulikuwa umevunjika na jicho moja halioni. Kwangu hakulala tena. Mama Zena ndiye aliyemchukua. Nikienda na uji anakimbilia nyuma ya mlango, anafunika kichwa kwa ule mkono mmoja mzima. Sikuwahi tena kumlisha mdogo wangu, mpaka homa ilipomchukua mwaka uliofuata.

Tulipotoka kuzika nilimshika Mama Zena kanga. "Mama Zena, hakuniulizia hata siku moja?"

Alinitazama sana. "Aliuliza, mwanangu. Kila ukigonga hodi aliuliza kama umekuja na wale askari."

Tangu siku hiyo sijui usingizi mzuri ni nini.

Wewe mwenye ndugu wa namna hii, nakusihi! Anapochafukwa usikimbilie virungu ukadhani umeita dawa. Ita majirani wanaomjua, na aibu yako imeze. Kaa naye chini, hata kama ni kutwa nzima na biashara imelala. Mimi leo ningekaa hata mwaka mzima. Lakini nikae na nani?