Siku Nilipohubiri Imani Nikiwa na Sare

Jamani, aibu niliyojipatia kanisani, katika kambi yetu ya askari magereza hapa Mbale, sijawahi kuisimulia bila kufunika uso, lakini leo nasema yote, mnicheke mpaka mchoke.

Nilikuwa nimesoma kitabu kuhusu mwanafalsafa mmoja Mkristo wa zamani, Mzungu, aliyesema imani si kufuata kundi: kila mtu husimama peke yake mbele ya Mungu, uhakika hana, anaruka tu kwa imani. Maneno hayo yaliniwasha moto, nikaomba kuhubiri Jumapili. Tena mchumba wangu Naigaga, mwanakwaya, alikuwa ameniambia mama yake anakuja kutoka Buwenge kunitazama kabla hajakubali nimuoe binti yake (mimi sikuwa nimewahi kumwona), basi nikaamua jambo moja dogo: nivae sare, na zile alama tatu za usajini zionekane vizuri mkononi.

"Msifuate kundi," nikaanza, na askari wote wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, afande." Kila mtu aamue mwenyewe, nikasema. "Ndiyo, afande." Mimi mjinga nikadhani Roho anashuka, nikapandisha sauti, "Aliye tayari kuruka asimame," na kanisa zima likasimama wima kama paredi, mmoja akapiga saluti kabisa.

Isipokuwa mama mmoja aliyevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, ya kijani, benchi la nyuma, ameketi ametulia. Nikakasirika (mhubiri wa uhuru huyo), nikashuka, huku Naigaga akinipungia mikono yote miwili kutoka kwenye kwaya, nami nikadhani ananishangilia, nikamshika yule mama mkono nikamwinua. "Mama, simama na wenzako."

"Afande, wacha," Naigaga akasema, kanisa zima likisikia. "Huyo ni mama yangu."

Mnajua kwetu mama mkwe hata njiani humpiti karibu, sembuse kumshika mkono mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alijifunika uso kwa leso, akatoka nje.

Baada ya chakula cha mchana Naigaga akaniletea ujumbe. "Mama anasema, wewe ulisema kila mtu aamue peke yake. Yeye alikuwa bado anaamua. Hata sasa bado."

Tangu siku hiyo sihubiri na sare ng'o, hata kuombea chakula navua kofia na shati kwanza. Kutoka Buwenge simu haijapigwa, uhakika sina, lakini chumba changu cha Namakwekwe nimeshakipaka rangi tayari kumpokea bibi harusi. Ndiyo, nimeruka.